Umeacha kuamini Mungu, sasa maadili unayatoa wapi? Namna ya kujipanga

Hii ni kwa yule ambaye ameshaacha kuamini, au yuko njiani, alafu kila akifungua mdomo anaulizwa swali lile lile: "Sasa kama hakuna Mungu, nini kinakuzuia usiibe, usiue, usitembee na mke wa jirani?" Na ni kwa wewe unayeuliza pia, maana si swali la kijinga hata kidogo. Tatizo maateisti (watu wasioamini kuna Mungu) wengi wa mitandaoni wanalijibu kwa dharau, "kwani wewe bila Mungu ungekuwa unaua watu?", wenzao wanashangilia na mjadala unafia hapo. Mimi naona linahitaji jibu la mtu mzima, na jibu lenyewe haliishi kwenye sentensi moja, ni kazi unayoifanya mwenyewe mpaka unakufa. Twende taratibu, kuna sehemu nitapita haraka na kuna sehemu nitakaa.

Anza kwa kutenganisha vitu viwili

Ukisema Mungu hayupo umejibu swali moja tu. Hujasema chochote kuhusu mshahara wa dada wa kazi, hela ya trafiki, kumchapa mtoto, wala kumtelekeza mzazi. Ni kama kijana aliyehama kwa baba: sheria za pale hazimbani tena, lakini bado hajapata pa kulala.

Mwanafalsafa mmoja Mskoti, David Hume, aliandika kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1740 kwamba watu wanaanza kwa kusema "mambo yako hivi na hivi" alafu ghafla unawasikia "kwa hiyo inapaswa tufanye hivi", na hawaelezi wamevukaje. Maateisti wanaipenda sana hiyo kwa ajili ya kuwabana watu wa dini ila wanasahau inawabana na wao. "Hakuna Mungu" ni habari ya jinsi dunia ilivyo. Kutoka hapo mpaka "basi tutendeane haki" kuna pengo, na lazima uweke kitu hapo, vinginevyo umeruka tu ukatumaini hakuna aliyeona.

Na hapa ndo utaletewa Stalin, yule dikteta wa Urusi ya Kisovieti, kama mfano wa watawala wasioamini walioua watu. Atakuja tu, jiandae. Usijibu kwamba wale hawakuwa maateisti wa kweli, huo ni ujanja ule ule wa "yule mchungaji aliyekula sadaka hakuwa Mkristo wa kweli" na hautakusaidia mbele ya mtu aliyesoma. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na umoja mzima wa kupigana na dini, ulianza 1925 ukadumu zaidi ya miaka 20, na wakati huo makanisa yalifungwa na mapadri waliuawa. Albania chini ya mtawala wake Enver Hoxha mwaka 1967 ilifunga misikiti na makanisa yote ikajitangaza nchi isiyo na Mungu, na katiba yake ya 1976 ikaandika waziwazi kwamba dola haitambui dini yoyote. Kubali hayo yote. Sema tu: ndiyo, na ndo maana nakwambia kutoamini peke yake hakumfanyi mtu awe mwema, kama ambavyo hakumfanyi awe mbaya. Utaona mwenzako anatulia, kwa sababu alijiandaa ubishe.

Kile cha kuweka kwenye pengo ndo watu wanakiita hiumanizimu. Kwa ufupi: mwanadamu na viumbe wengine wanaohisi maumivu ndo wenye thamani, kila mtu ana heshima yake bila kuulizwa anasali wapi, mambo ya dunia tunayajua kwa ushahidi na akili, na tukikosea tunarekebisha. Mwaka 1952 mashirika ya mahiumanisti ya Ulaya, Marekani na India yalikutana Amsterdam chini ya mwanabiolojia Julian Huxley, ambaye alishakuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, wakatoa azimio lao. Limeandikwa upya mara kadhaa, toleo la karibuni ni la 2022 kule Glasgow, na hilo linaanza na maadili kabla hata halijafika kwenye mambo ya akili na sayansi. Mpangilio huo si wa bahati mbaya. Utafute ulisome, ni kurasa chache tu, alafu usilifanye msahafu.

Jambo lingine wengi hawalijui, ilani ya kwanza ya mahiumanisti wa Marekani ya 1933 ilikuwa na saini 34, mwanafalsafa John Dewey akiwemo, na kati ya hao walikuwemo wachungaji kadhaa wa Kiyunitaria (dhehebu huria lililotokana na Ukristo), na wenyewe waliuita ule mpango wao dini. Kwa hiyo kutoamini na hiumanizimu vimekuwa majirani tangu zamani, hawajawahi kuwa mtu mmoja.

Ujue ugomvi wa nyumbani kabla hujaingia

Hapa nitakaa kidogo, maana vijana wanaingia kwenye haya mambo wakidhani wote wasioamini ni timu moja, alafu wanashtuka.

Uingereza, mwaka 1842, jamaa anaitwa George Holyoake alikuwa anahutubia Cheltenham mambo ya kuishi kwa kushirikiana, mtu akamuuliza mbona hujamtaja Mungu. Akajibu kwamba watu ni maskini, makanisa yanakula hela nyingi, yeye angemlipa Mungu nusu mshahara kama serikali inavyowalipa maofisa wa jeshi wasio na kazi. Ilimgharimu miezi 6 jela kwa kukufuru. Ungetegemea atoke na hasira za kutukana dini maisha yake yote, sivyo? Alitoka na wazo tofauti, na mwaka 1851 akalipa jina ambalo ndo tunalitumia mpaka leo, usekula: tujenge maisha mema ya hapa duniani kwa njia za hapa duniani, na anayeamini akitaka kusaidia karibu, hatumfukuzi.

Mwenzake Charles Bradlaugh, aliyeanzisha chama cha kitaifa cha masekula mwaka 1866, aliona huo ni uoga. Kwake huwezi kujenga kabla hujabomoa, dini inyooshwe kwanza. Mwaka 1870 wakapanda jukwaani wawili hao wakabishana hadharani je usekula lazima uwe ateizimu au la, na ukisoma hoja zao unaona ni hizi hizi za leo, zimebadilishwa nguo tu.

Ruka mpaka miaka ya 2000. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani kikaja kizazi kipya cha waandishi maateisti, akina Sam Harris, Richard Dawkins, Daniel Dennett na Christopher Hitchens, vitabu vyao vikatoka kati ya 2004 na 2007 vikauzwa kama njugu. Hao walikuwa upande wa Bradlaugh, bomoa kwanza. Na kubomoa walibomoa kweli, watu wengi sana walipata ujasiri wa kusema "siamini" kupitia wao, siwezi kuwanyima hilo.

Sasa baada ya kubomoa ikafuata nini? Mwaka 2011 kwenye kongamano la maateisti Dublin, mwanamke mmoja mzungumzaji, Rebecca Watson, alitoka baa ya hoteli alfajiri, akafuatwa kwenye lifti na mwanaume akimwalika chumbani kwa kahawa. Baadaye akarekodi video, kwa upole kabisa, akasema jamani msifanye hivyo, inatutia hofu. Basi tu. Alichopata ni matusi na vitisho vya miaka, tena kutoka kwa watu waliokuwa wanajisifu kwa kutumia akili, na Dawkins mwenyewe akaandika maneno ya kejeli akimlinganisha na mateso ya wanawake wa Kiislamu, kana kwamba mtu akiumia zaidi mahali pengine wewe hupaswi kusema lako. Mwaka uliofuata bloga Jen McCreight akapendekeza kitu alichokiita Atheism Plus: sisi hatuamini, na juu ya hapo tunatetea haki za wanawake, tunapinga ubaguzi wa rangi, tunapinga chuki dhidi ya mashoga. Nusu ya watu walifurahi, nusu wakamvaa kwamba analeta dini mpya, na haikupita muda mrefu akaacha kublogu kwa kuchoshwa na mashambulizi. Jina lenyewe likafifia.

Mwaka 2021 shirika la mahiumanisti wa Marekani likamnyang'anya Dawkins tuzo liliyompa 1996, kwa sababu ya aliyoyaandika Twitter kuhusu watu waliobadili jinsia. Mwanasaikolojia Steven Pinker na mwanafalsafa Rebecca Goldstein, ambao nao waliwahi kupewa tuzo hiyo, wakaandika barua ya kupinga uamuzi huo.

Unaweza kukubaliana na shirika au na Pinker, mimi hapo sikulazimishi, japo la Dublin sina mashaka nalo kabisa, yule dada alionewa. Ninachotaka ukione ni kwamba hao wote hawaamini Mungu na bado hawakukubaliana jema ni lipi. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi ateisti" usimpe namba yako ya simu hapo hapo, muulize na swali la pili: unawatendeaje watu?

Jaribu swali la Sokrates, kwa adabu

Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Plato, anamwonyesha mwalimu wake Sokrates akimuuliza mtu mmoja mcha miungu nje ya mahakama Athene: hilo jambo jema, miungu inalipenda kwa sababu ni jema, au limekuwa jema kwa sababu miungu inalipenda? Likiwa jema ndo likapendwa, basi wema ulikuwepo wenyewe na sisi tunaweza kuutafuta. Likiwa jema kwa kuwa limependwa tu, basi lingeamriwa kinyume nacho kingekuwa chema. Wanateolojia wana majibu yao, wengine wanasema wema ndo asili yenyewe ya Mungu, kwa hiyo usilitumie kama rungu la kumaliza mjadala. Litumie kuonyesha tu kwamba hata muumini anatumia akili yake kuchagua aya ipi aishike leo na ipi aipite. Na ukiongea na mtu mzima, "mzee wangu, naomba kuuliza" inafika mbali kuliko "hoja yako ni mufilisi".

Sasa fanya uamuzi wa kweli kwa njia hii

Nadharia tamu, maisha ndo mtihani. Tuseme nyumbani kwako dada wa kazi, miaka 22, kapata mimba. Anakuja jikoni usiku mmeshamaliza kula, anashika ukingo wa sinki, anasema "mama, nina jambo, naomba usinifukuze." Wewe huamini Mungu. Utafanyaje?

Angalia kwanza njia mbili rahisi. Jirani yako wa kanisani anasema mfukuze, ni dhambi, atakuharibia watoto. Rafiki yako ateisti mjanja anasema mfukuze, hakuna dhambi hapo ila kibiashara hakulipi, utalipa mtu asiyefanya kazi. Mmoja ana Mungu, mmoja hana, na yule binti kwa wote wawili yuko stendi asubuhi na begi lake. Mtu akikwambia kuacha dini kumemfanya awe na maadili bora, mpe hii kesi umwone.

Njia ya kihiumanisti inaanza kwa maswali ya kuboa. Nani ataumia na ataumia kiasi gani? Yeye, mtoto aliye tumboni kama ataendelea na mimba, watoto wako waliomzoea, na wewe pia mfukoni, usijifanye haupo. Alafu, unajua nini kwa hakika na nini unabuni? Unajua ni mimba. Hujui ni ya nani wala ilipatikanaje, na hilo la ilipatikanaje ni zito sana, inawezekana kabisa kalazimishwa, tena na mtu mnayemfahamu. Kwa hiyo kabla ya hukumu unamkalisha, unamuuliza kwa faragha, na usimuulize mbele ya mumeo. Kisha geuza: ungekuwa wewe ndo miaka 22, mbali na kwenu, bosi wako angefanyaje ukamwona ni mtu wa haki? Mwisho, sheria inasemaje, maana haki za watu wengine walishazipigania na kuziandika, huna haja ya kuanza upya. Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84 na Kenya ni miezi mitatu, na dada wa kazi ni mfanyakazi, si mtoto wa kufikia.

Ukimaliza hayo yote pengine utafika kwenye jibu ambalo hata mama mchaji wa mtaani kwenu angefika: abaki, aende kliniki, mtafute wa kushika kazi kwa muda, na baba wa mtoto atafutwe. Vizuri. Hakuna ubaya kufika sehemu moja na watu wa dini. Tofauti ni kwamba ukiulizwa kwa nini, unaweza kueleza sababu ambayo mtu yeyote wa imani yoyote anaweza kuikagua na kukuonyesha ulipokosea. Na ukionyeshwa, unabadilika, hiyo ndo bei yake.

Kuna watu watakwambia bado hujaeleza kwa nini maumivu ya yule binti yanihusu mimi. Ni kweli, na wanafalsafa wasioamini wenyewe hawajakubaliana: wengine wanasema ukweli wa maadili upo tu kama ukweli wa hesabu, wengine wanasema ni makubaliano ya watu wanaoishi pamoja, wengine ni huruma tuliyozaliwa nayo ikalelewa. Mimi naegemea hilo la tatu. Usijifanye umelimaliza.

Mambo ya vitendo: kiapo, ndoa, msiba

Kiapo kwanza. Bradlaugh yule yule alichaguliwa mbunge wa Northampton, Uingereza, mwaka 1880, wakambania miaka karibu 6 kwa ajili ya kiapo tu, na ndipo ikaja sheria ya 1888 inayoruhusu mtu athibitishe badala ya kuapa. Leo katiba ya Kenya ya 2010 kwenye maneno ya viapo inakupa chaguo, kuapa au kuthibitisha, na "Ee Mungu nisaidie" ni kwa anayeapa tu. Tanzania mahakamani Wakristo huapa na Waislamu huthibitisha, kwa hiyo kuthibitisha si jambo geni hata kidogo. Mwambie karani mapema, kwa sauti ya kawaida, usitoe hotuba.

Ndoa ni rahisi, Tanzania ipo ya bomani, mnatoa notisi ya siku 21, Kenya ni hivyo hivyo kwa msajili. Ugumu ni mama mzazi. Hapo hakuna fomula, kuna wanaofunga bomani kisha wanaruhusu mchungaji aombe kwenye sherehe, na sioni unafiki wowote, ile sala ni zawadi kwa mama.

Msiba nenda. Nenda mapema, beba maji, panga viti, toa rambirambi, wakisali simama kimya au kaa kimya. Ukiulizwa siku hiyo kuhusu mbingu sema "sijui, ila nimemkumbuka sana" na umalize. Anayechagua msibani kufundisha watu kwamba hakuna ahera hana kutoamini kwingi, ana kukosa adabu.

Tafuta watu

Peke yako utachoka. Maadili yanakaa kwa watu wanaokuona ukikosea, na hapo makanisa na misikiti wametuacha mbali sana, mtu akiugua wanajua ndani ya siku mbili. Uganda wapo walioelewa hili: Kasese kuna shule ya msingi ya kihiumanisti iliyoanzishwa 2011 na Robert Bwambale, na kwangu mimi shule hiyo imefanya zaidi ya mabishano elfu. Kenya chama cha maateisti kilisajiliwa 2016, miezi michache baadaye usajili ukasimamishwa kisha ukarudishwa, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, kama asilimia 1.6. Kwa hiyo hauko peke yako, ila wengi hawatajitangaza, na usimlazimishe mtu ajitangaze, wapo watakaofukuzwa nyumbani. Nigeria, Mubarak Bala, kiongozi wa mahiumanisti wa huko, alikamatwa 2020 kwa alichoandika Facebook, 2022 akahukumiwa miaka 24, ikapunguzwa, akatoka mwanzoni mwa 2025. Fikiria usalama wako kabla ya ushujaa.

Kama hakuna kikundi karibu, jiunge na kitu kisicho na dini kabisa: kuchangia damu, kufundisha watoto hesabu jumamosi, chama cha wapangaji. Na kama kanisa la mtaani linagawa chakula na linahitaji mikono, peleka mikono yako. Holyoake angekuja.

Watoto

Hili ndo naulizwa zaidi. Shuleni kuna kipindi cha dini, Kenya ni somo kabisa la Kikristo, Kiislamu au Kihindu, na mtoto wako atawekwa mahali. Usimfanye askari wako. Muache asome, akirudi muulize amejifunza nini, msimulie na hadithi za dini nyingine azione zote. Akikuuliza "baba, Mungu yupo?" mwambie wewe unaonaje na kwa nini, mwambie bibi anaona tofauti na bibi si mjinga. Akimpiga mwenzake usimwambie Mungu anakuona na usimwambie mimi nakuona, mpeleke kwa yule aliyepigwa, amwangalie usoni, amuulize anaumia wapi, kisha wakae hapo mpaka wapatane.